Kadi ya marehemu imeishia Machi

Turubai limefungwa kuanzia ukuta wa mbele hadi kwenye mwembe wa jirani. Viti vya plastiki vimepangwa, kina mama wako nyuma ya nyumba wanachambua mchele. Ni upande wa Tabata, ingawa ingeweza kuwa Mbagala au Kimara. Mwenyekiti wa jumuiya ndogo ya Kikatoliki ya mtaa amefika na katibu wake, wametoa pole, wamekaa. Kisha katibu akaomba kadi ya zaka ya marehemu.

Shemeji wa marehemu akaitoa ndani, imehifadhiwa kwenye kitabu cha sala.

"Mwenyekiti, kadi yake hii hapa."

"Naiona, mama. Mbona imeishia Machi?"

Hakuna aliyejibu. Kijana mmoja wa kamati ya msiba akauliza miezi mingapi imepungua na kila mwezi ni shilingi ngapi. Simu zikatoka mifukoni, fedha zikachangwa, kadi ikajazwa hadi mwezi ule, na barua ya kwenda parokiani kuomba misa ya mazishi ikaandikwa. Misa ikawa kesho yake. Ilikuwa nzuri, kwaya iliimba vizuri, WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, walikuja na sare zao.

Hakuna aliyemtukana mtu pale. Hakuna aliyekula fedha. Labda ndiyo maana jambo lenyewe limegoma kunitoka kichwani kwa wiki kadhaa.

Zile fedha zilizolipwa mtu akiwa ameshakufa, zililipa nini?

## Kwanza nimtetee katibu

Mitandaoni hana mtetezi, kwa hiyo tuanze na yeye.

Sensa ya 2022 iliikuta Dar es Salaam ina watu 5,383,728. Watu wanahama Gongo la Mboto kwenda Bunju kwa sababu ya kodi, wanabadilisha parokia bila kuaga, na paroko anayeadhimisha misa kadhaa kila Jumapili hawezi kumjua kila anayepokea komunyo. Maaskofu Wakatoliki wa AMECEA, umoja wao wa Afrika Mashariki, walipokutana mwaka 1976 na kuzipa jumuiya ndogo ndogo nafasi ya mbele katika kazi ya kichungaji, waliliona tatizo hili: Mkristo anayepotea ndani ya umati. Jumuiya ni nyumba chache za mtaa mmoja zinazosali pamoja, mara nyingi Jumamosi alfajiri kabla watu hawajatawanyika, zikajua nani anaumwa na nani hajaonekana. Barua yake kwa paroko ni ushahidi wa majirani: huyu ni wetu, tunamfahamu.

Ushahidi huo una kazi. Kuna misiba ambayo ndugu wanagombania marehemu alikuwa dhehebu gani. Kuna misiba yenye wajane wawili. Wa kuliweka jambo sawa, padre akiwa hamjui yeyote kati yao, ni jirani aliyesali naye.

Na lipo jingine ambalo wanaoibeza jumuiya hawalisemi. Msiba wa Dar hubebwa na watu wale wale. Mama anayefika wa kwanza na sufuria, anayejua turubai linakodishwa wapi, anayelala chini sebuleni kwa mfiwa, ndiye huyo huyo aliyekuwepo kwenye sala ya Jumamosi. Amechoka. Akiona mtu ambaye hajawahi kukanyaga kwa jirani anazikwa kwa heshima zote, anauliza, na ana haki ya kuuliza: sisi wengine tulikuwa tunafanya nini basi?

Swali lake nitalifikia. Ndilo gumu kuliko yote yaliyomo humu.

## Orodha fupi

Wengi wanaamini kwamba "hakushiriki, hazikwi" imeandikwa mahali fulani Roma. Orodha ipo kweli, kwenye Sheria ya Kanisa ya 1983, na ni fupi. Kanuni ya 1184 inawanyima mazishi ya Kanisa watu wa aina tatu: waasi wa imani, wazushi na waliojitenga na Kanisa, ambao jambo lao linajulikana wazi; waliochagua mwili wao uchomwe kwa sababu zinazopinga imani ya Kikristo; na wadhambi wengine wa wazi ambao mazishi yao yangewakwaza waamini. Hata hao wamewekewa mlango: isipokuwa kama kabla ya kufa walionyesha dalili za toba.

Zaka haimo.

Jumuiya haimo, wala michango ya ujenzi.

Kanuni ya 222 inawadai waamini walisaidie Kanisa kwa mali zao, tena bila kumung'unya maneno. Lakini wajibu ni jambo moja na adhabu ya kutoutimiza ni jambo jingine, na kanuni ya 18 inataka sheria yoyote inayotoa adhabu au kubana haki ya mtu ifasiriwe kwa maana yake finyu, isinyooshwe ikafika pasipoandikwa. Kanuni ya 1181 inagusa msiba wenyewe: kusiwe na upendeleo katika mazishi, na maskini wasinyimwe mazishi yanayowastahili.

Kwa hiyo katibu anapodai miezi iliyopungua, anatekeleza desturi ya mahali, desturi iliyozaliwa na uchovu wa wale wachache wanaobeba wengine. Nasema hivyo kwa heshima. Desturi nyingi mbaya zina wazazi wazuri.

## Deni la mtu asiye na mfuko

Zaka ni sehemu ya pato ambayo mtu aliye hai anamtolea Mungu. Marehemu huyu aliacha kutoa mwezi Machi. Je, ndipo alipoacha kazi? Ndipo alipoanza kuumwa? Pale chini ya turubai hakuna aliyeuliza, kwa sababu kadi ina nafasi ya kiasi na sahihi, haina nafasi ya sababu.

Shemeji hawezi kumtolea zaka mtu aliyekufa, kama asivyoweza kumfungia mfungo wa Kwaresima. Anaweza kutoa sadaka ya misa kwa ajili yake, na hilo ni jambo jingine, la kale na zuri. Kilicholipwa siku ile kilikuwa ada. Tuliiandika kwenye mstari wa zaka.

Mwaka 1517 huko Wittenberg, mtawa Mwagustino aitwaye Martin Luther aliandika hoja 95 kwa sababu ya kitu kinachofanana na hiki kuliko tunavyopenda kukiri: walio hai wanatoa fedha, karatasi inaandikwa, na marehemu anahesabiwa amepata nafuu. Wakatoliki tuna tabia ya kuruka ukurasa huo. Lakini Mtaguso wa Trento wenyewe, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, Desemba 1563 uliagiza mapato mabaya yaliyokuwa yakipatikana kwa rehema, yaani ondoleo la adhabu za dhambi, yafutwe kabisa. Waliogombana karibu nusu karne walikubaliana kwamba fedha ilikuwa imekaa mahali pasipo pake.

Yesu alikuwa na hesabu kali zaidi kuhusu jambo hili. Katika Mathayo 18 mtumwa anasamehewa talanta 10,000, kisha anamkaba koo mwenzake kwa dinari 100. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, na talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000. Chukua kibarua wa hapa mjini anayelipwa, tuseme, shilingi 10,000 kwa siku. Deni la mwenzake linakuwa shilingi milioni moja, fedha ya kweli inayouma. Deni alilosamehewa yeye ni shilingi bilioni 600. Mfano haudai kwamba milioni moja si kitu. Unauliza aliyetoka kusamehewa bilioni 600 amepata wapi nguvu ya kukaba.

## Kipi kinatangulia

Kwenye daladala za Mbezi ubishi huu husikika mara kwa mara. Mlokole: ninyi mnajiokoa kwa matendo. Mkatoliki: ninyi mmeshaokoka, kwa hiyo mnafanya mnavyotaka. Wote wawili wanapigana na mtu ambaye hayumo ndani ya gari.

Kanuni ya kwanza ya Trento kuhusu kuhesabiwa haki, ya Januari 1547, inamlaani yeyote anayesema kwamba mtu anaweza kuhesabiwa haki mbele ya Mungu kwa matendo yake mwenyewe, pasipo neema ya Mungu kwa njia ya Yesu Kristo. Na Ungamo la Augsburg la 1530, tamko la imani la Walutheri ambalo KKKT, Kanisa la Kilutheri la hapa Tanzania, inalishika hadi leo, katika kifungu cha 6 linasema imani haina budi kuzaa matunda mema. Tarehe 31 Oktoba 1999, Augsburg, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Walutheri Duniani walitia sahihi tamko la pamoja: tunapokelewa na Mungu kwa neema tu, kwa imani katika kazi ya Kristo, pasipo stahili yoyote yetu, nasi tunapewa Roho anayetufanya wapya na kutuita kwenye matendo mema. Wamethodisti walijiunga mwaka 2006, na makanisa ya mapokeo ya Calvin mwaka 2017.

Tofauti zilizobaki ni za kweli na wanaozijua wanaendelea kuzibishania. Ila juu ya kipi kinatangulia, hakuna tena ugomvi.

Waefeso 2 ina mpangilio huo waziwazi. Aya ya 8 na ya 9: mmeokolewa kwa neema, si kwa matendo, mtu asije akajisifu. Aya ya 10: tuliumbwa ili tutende matendo mema. Wapo wanaokariri mbili za kwanza wakafunga kitabu, na wapo wanaoanzia ya 10 wakarudi nyuma. Waraka kwa Warumi unakaa sura 11 nzima ukieleza Mungu amefanya nini, ndipo sura ya 12 inapoanza na "basi". Hata Amri Kumi katika Kutoka 20 zinatanguliwa na habari: mimi ndimi niliyekutoa Misri. Amri zinakuja watu wakiwa wameshavuka bahari.

Ukitaka kupima mahubiri, sikiliza "kwa hiyo" imewekwa wapi. "Mungu amekupokea, kwa hiyo njoo, badilika, toa, tumika." Hiyo ni Injili. "Njoo, badilika, toa, tumika, kwa hiyo Mungu atakupokea." Maneno ni yale yale, yamegeuzwa tu, na msikilizaji anarudi nyumbani na dini nyingine.

Mji huu una sehemu yake katika historia hiyo. Juni 1977 Shirikisho la Walutheri Duniani lilifanya mkutano mkuu wake wa sita hapa Dar es Salaam. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba alichaguliwa kuwa rais, na mkutano ukatamka kwamba kuukataa ubaguzi wa rangi wa kusini mwa Afrika ni suala la ungamo la imani, lisiloachiwa maoni ya kisiasa ya mtu. Walioketi hapa waliona kwamba ukiweka sharti la ngozi mlangoni mwa meza ya Bwana, unachokihubiri ndani yake si imani ile tena. Sharti la kadi ni dogo kuliko lile, dogo mno. Lakini linasimama kwenye mlango huo huo.

## Swali la mtego

Februari 1431, huko Rouen, Ufaransa, mahakama ya kanisa ilimuuliza msichana wa miaka ipatayo 19, Jeanne d'Arc, kama anajua yuko katika neema ya Mungu. Swali lilikuwa mtego. Akisema ndiyo, anadai kujua jambo ambalo Kanisa linafundisha hakuna awezaye kuwa na hakika nalo. Akisema hapana, amejihukumu mwenyewe.

Alijibu: kama simo, Mungu aniingize, kama nimo, Mungu anidumishe.

Walimchoma moto Mei mwaka huo. Jibu lake limo leo ndani ya Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2005, mahali panapoeleza kwamba neema haionekani kwa hisia zetu wala hatuwezi kuitegemea kazi yetu kama uthibitisho wake. Matunda yake tunayaona, yanatutia moyo. Neema yenyewe inapokewa kwa imani.

Kama mtu hawezi kusoma hali ya roho yake mwenyewe kwa hakika, katibu mwenye kalamu ya bluu anaisomaje ya jirani? Na hili linawahusu pia wanaopima neema kwa machozi, kwa kuanguka, kwa joto la mikono. Vinaweza kuwa matunda. Vinaweza pia kuwa spika kubwa na saa nane za kutokula.

## Bei ukutani

Sitakaa sana kwenye maji ya upako, yameshaandikwa vya kutosha. Ila utaratibu wake unastahili kuangaliwa. Unaanza na mbegu, maana yake fedha. Muujiza ukija, ni nabii. Usipokuja, imani yako ilikuwa ndogo, au mbegu ilikuwa ndogo, kwa hiyo panda tena, safari hii iumize. Matokeo yoyote yale, mfumo uko salama na mteja ndiye mwenye kosa.

Simoni wa Samaria, katika Matendo 8, alitoa fedha apewe uwezo wa kuwapa watu Roho kwa kuwawekea mikono. Petro hakumwambia ameleta kidogo. Alimwambia fedha yake ipotee pamoja naye. Elisha, katika 2 Wafalme 5, alimponya Naamani akakataa zawadi. Mtumishi wake Gehazi akakimbia nyuma ya gari, akapokea talanta mbili za fedha na mavazi mawili, akarudi nazo pamoja na ukoma. Kinachonigusa katika kisa kile ni kwamba Naamani alitoa kwa furaha. Hakuibiwa. Hasara ni kwamba aliondoka akidhani Mungu wa Israeli naye ana bei.

Ni rahisi kucheka mabango ya manabii. Sasa niambie chupa yenye bei na kadi yenye miezi zinatofautiana wapi, zaidi ya kwamba moja inatoza kabla ya muujiza na nyingine kabla ya kaburi.

## Paulo alimwekea nani daftari

Hapa nilikwama kwa muda, kwa sababu jibu jepesi lingekuwa kuchoma madaftari yote. Kanisa lisilo na daftari ni kanisa la mtu mmoja mwenye mfuko mkubwa. Kila mwanaparokia wa Dar anajua mchango wa ujenzi ambao risiti zake hazikuonekana.

Kilichonifungua ni 2 Wakorintho 8 na 9. Paulo anachangisha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, na mchango wenyewe anauita neema. Kutoa ni neema uliyopewa, haulipii neema. Kisha anaweka taratibu, na taratibu zake ni za kushangaza kwa anayetoka kwenye kikao cha kamati ya fedha. Mtoaji: kila mtu kama alivyokusudia moyoni, si kwa huzuni wala kwa lazima (9:7), na anakubaliwa kwa kadiri ya alicho nacho, hadaiwi asichokuwa nacho (8:12). Kiwango kimoja kwa kila kaya, mwenye duka Sinza na mjane anayeuza vitumbua wakikatwa sawa, hakipiti kwenye aya hiyo. Mbeba fedha: hapo Paulo anabadilika. Hasafiri na kapu peke yake. Anamtuma Tito na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili mtu asipate la kulaumu, mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia (8:18-21).

Daftari la Paulo linamlinda mpokeaji wa fedha dhidi ya majaribu. La kwetu linamkagua mtoaji. Tumeligeuza uso.

Ukilirudisha, mambo mengi yanapata nafasi. Mtunza hazina asome mapato na matumizi mbele ya watu wote kila robo mwaka, na wakaguzi wasiwe shemeji zake. Orodha ya nani alitoa kiasi gani isibandikwe ukutani. Na daftari la fedha lisishikwe na mtu yule yule anayeandika barua za ubatizo, ndoa na mazishi, kwa sababu yakikaa mkononi mwa mtu mmoja, baada ya mwaka jambo moja litakuwa linalijibia jingine bila mtu yeyote kukusudia.

## Saa kumi na moja jioni

Sasa yule mama.

Mathayo 20. Mwenye shamba la mizabibu anatafuta vibarua alfajiri, saa tatu, saa sita, saa tisa, na saa kumi na moja jioni. Amepatana na wa kwanza dinari moja. Wa mwisho wamefanya kazi saa moja tu, jua likiwa limeshapoa. Anaamuru walipwe kuanzia wa mwisho, na wote wanapata dinari moja.

Wahubiri hukimbilia kuwakemea walionung'unika. Tuwasikilize kwanza, maana hesabu yao ni sahihi. Mwajiri yeyote wa Kariakoo akilipa hivyo leo, kesho hapati mtu wa alfajiri. Tena bwana yule angeweza kuepuka ugomvi wote: awalipe wa alfajiri kwanza, waondoke zao bila kujua. Aliamua waone. Hakutaka wema wake uwe siri, hata kama ungewaudhi.

Halafu kuna neno ambalo husomwa haraka. Aliwauliza wa saa kumi na moja mbona wamesimama kutwa nzima bila kazi. Wakajibu: kwa kuwa hakuna mtu aliyetuajiri. Hawakuwa wavivu. Jumamosi alfajiri, wakati jumuiya inasali, mlinzi ndiyo kwanza anakabidhi lindo, mchuuzi wa mboga yuko Mabibo anagombea bei, dada wa kazi hajaruhusiwa kutoka getini. Kadi inawaandika wote kwa neno moja: hayupo.

Lakini mama wa masufuria bado amesimama. Tunaweza kumwambia alichoambiwa kaka mkubwa wa mwana mpotevu katika Luka 15, kwamba wewe u pamoja nami siku zote na vyote nilivyo navyo ni vyako. Miaka yote ile alijulikana, aliombewa, alikuwa na nyumba za kwenda usiku akiumwa. Hakuwa analipa awamu za mazishi yake. Alikuwa tayari ndani ya kile ambacho marehemu wa Machi alikikosa.

Hilo ni kweli, na halimwoshei sufuria hata moja.

Nadhani ndipo tulipokosea. Malalamiko yake ni ya kazi, tukayajibu kwa adhabu. Amebebeshwa peke yake, na sisi badala ya kumgawia wenzake mzigo tukampa nguvu ya kumnyima maiti misa. Zamu za msiba zigawanywe, wanaume wapangwe kuchota maji na kuosha vyombo, mfuko wa msiba utoe fedha ya kukodi mpishi pale nguvu zinapokuwa zimeisha. Ukimpumzisha, uone kama bado atauliza kuhusu kadi.

## Wanaorudi

Kanisa la Afrika lilishapita hapa. Mwaka 250 Kaisari Decius aliagiza watu wote watoe dhabihu kwa miungu na kupewa hati. Wakristo wengi walitoa. Wengine walinunua hati tu bila kutoa. Mateso yalipopungua wakataka kurudi. Askofu Sipriano wa Karthago na wenzake walikutana mwaka 251, wakawatofautisha walionunua hati na waliotoa dhabihu, wakaweka njia ya toba kwa kila kundi. Huko Roma, Novatiani alikataa: aliyeanguka asirudishwe. Kanisa halikumfuata. Ungamo la Augsburg, miaka zaidi ya 1,200 baadaye, kifungu cha 12, linawataja wafuasi wake kwa jina na kuukataa msimamo huo: wanaoanguka baada ya ubatizo wapate ondoleo wakati wowote wanaporejea.

Ndugu zetu wa KKKT wanao utaratibu wa kurudi kundini, na ukifanywa vizuri ni mzuri sana: mtu anazungumza na mzee wa kanisa, anakaa na mchungaji, anafundishwa, siku ya ibada anasimama, anaombewa, anashikwa mkono, anarudi kwenye Meza ya Bwana. Unaharibika sehemu mbili. Ya kwanza, binti mwenye mimba anasimama peke yake, kwa kuwa dhambi yake inaonekana, na mwenzake yuko kwaya ya vijana anaimba sauti ya tatu. Ya pili ni harusi. Watu wanakaa pamoja miaka bila sakramenti wakingoja fedha ya ukumbi, kamati na sare, ingawa ndoa yenyewe inahitaji wao wawili, mashahidi na mchungaji. Parokia na sharika zinazofungisha ndoa nyingi kwa siku moja, bila ukumbi, zimeondoa kizuizi ambacho Mungu hakukiweka.

Mwana mpotevu alikuja na hotuba yenye sehemu tatu: nimekosa, sistahili, nifanye kama mmoja wa watumishi wako. Ukisoma Luka 15:21 utaona alifika sehemu ya pili tu. Vazi na pete viliagizwa kabla hajafika kwenye pendekezo la ajira.

## Kabla ya turubai

Madhara makubwa ya kadi hayatokei msibani. Yanatokea wiki mbili kabla. Mgonjwa yuko ndani, hali inazidi, na familia haimwiti padre kwa sababu inaogopa kuulizwa miezi. Mtu anakufa bila kitubio, bila Mpako wa Wagonjwa, bila komunyo ya mwisho. Mtaguso wa Nisea mwaka 325, kanuni ya 13, uliitaja hii kuwa sheria ya zamani tayari: anayekaribia kufa asinyimwe komunyo ya safari. Walikuwa wanazungumzia hata walioikana imani wakati wa mateso.

Kwa hiyo asiyeonekana mara tatu atembelewe, na anayekwenda asibebe kitabu cha risiti. Mgonjwa akizidiwa, aitwe padre siku hiyo hiyo, mambo mengine baadaye. Barua ya jumuiya iseme marehemu alibatizwa wapi na lini, hali ya ndoa yake, alipokea sakramenti gani mwishoni na nani alikuwepo. Hayo ndiyo padre anayahitaji ili ajue anamzika nani.

Inabaki kesi moja ngumu. Mtu ambaye akiwa na akili timamu alisema mbele ya watu kwamba hataki Kanisa, na sasa ndugu wanataka misa. Hapo neema haipaswi kufanywa sherehe ya ndugu. Lakini kanuni ya 1184 inauliza kuhusu dalili, na dalili huwa ndogo: aliomba rozari iletwe, alimshika padre mkono, aliwaambia watoto wakasali. Anayezijua ni muuguzi, au mtoto wa mwisho aliyelala naye hospitali, na mara nyingi hao ndio hawaulizwi. Wakishaulizwa na shaka ikabaki, aya ya pili ya kanuni hiyo hiyo inasema aulizwe askofu wa mahali, na hukumu yake ifuatwe. Ni simu moja, na kwa kawaida haipigwi.